LaLiga walitumia mikrofoni za simu za mashabiki kusaka baa za wizi. Ikija huku kwetu, mtakubali?

#1 Ngosha_wa_Igoma
Wakuu salaam.

Kuna kisa cha Hispania ambacho huku hakijajadiliwa ipasavyo. Ligi yao, LaLiga, ina programu ya simu ya kufuatilia matokeo, na mamilioni ya watu wameipakua. Mwaka 2018 wakaiongezea kazi ya siri: mechi ikianza, simu inafungua mikrofoni, inasikiliza sauti ya pale ulipo na kuangalia GPS. Ikisikia matangazo ya mpira, na ramani ikaonyesha hapo ni baa ambayo haijalipia, mwenye baa kaumbuka. Shabiki anakunywa bia yake kwa raha zake, kumbe mfukoni amebeba mpelelezi. Mamlaka ya kulinda taarifa binafsi ya Hispania, AEPD, ikawapiga faini mwaka 2019.

Sasa tuje kwetu. Kila mtaa una kibanda umiza, kila kundi la WhatsApp lina mtu wa linki, na muvi ikitoka leo basi kesho iko Telegram. Kampuni za ving'amuzi zinalia, wasanii wanalia. Dai langu ni hili: kampuni haina ruhusa ya kuingia kwenye simu yangu hata kama mimi ni mwizi. Athibitishe kwanza, tena mahakamani. Anayebisha aje na hoja, matusi ayaache mlangoni.

Nawasilisha.

#2 ChaiYaRangi
Siti ya mbele kabisa.

#3 Kipara_Temeke
Hiyo naikumbuka vizuri. Walipigwa faini ya euro milioni 250, wakanywea.

#4 WakiliNjaa
Mkuu #3 punguza sifuri. Faini ilikuwa euro 250,000. Kwa ligi yenye fedha zile ni posho ya kikao. Na hawakunywea, walisema wazi kwamba hawakubaliani na uamuzi na wataupinga.

Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna mazungumzo yaliyorekodiwa. Simu ilichukua sauti, ikaigeuza kuwa alama za tarakimu, alama zikalinganishwa na za matangazo yao, basi. Tena mtumiaji aliombwa ruhusa alipopakua. AEPD wakasema ruhusa ya siku ile moja haitoshi, kwa sababu mtu hawezi kukumbuka kila saa kwamba kuna kitu kinamsikiliza. Ilitakiwa ajulishwe kila mikrofoni inapofunguka. Ngosha, hapo uwe makini: LaLiga hawakuambiwa kwamba kusaka wezi ni kosa. Waliambiwa hawakuwa wazi.

#5 Kipara_Temeke
Sifuri tatu tu unanitolea hukumu. Aliyeweka mikrofoni mbona hamumsemi hivyo.

#6 MzeeWaKibanda
Uzi umenigusa, ngoja niseme.

Mimi nina kibanda, sitataja ni wapi. Nalipia kifurushi cha juu kabisa kila mwezi, kwa sababu king'amuzi kikikata katikati ya Simba na Yanga, mabenchi yangu yatageuzwa kuni siku hiyohiyo. Kiingilio shilingi mia tano, mechi kubwa buku. Nina jenereta, nina kijana wa mlangoni, serikali ya mtaa inapita kuchukua chake. Nalipa kila mahali. Halafu mtu anakaa ofisini na kiyoyozi ananiita haramia.

Na hiyo mikrofoni yenu ikija, itanipata mimi ninayelipa. Yule kijana anayerusha mechi mubashara TikTok akiwa chumbani kwake haitamsikia, anavaa visikilizio masikioni.

#7 WakiliNjaa
Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, kifurushi unacholipia ni cha nyumbani. Soma mkataba, utakuta umeandikwa ni kwa matumizi ya familia. Ukikusanya watu na kutoza kiingilio, hayo ni maonyesho ya hadharani, yana leseni yake. Baa za Hispania nazo ndivyo zilivyokuwa, baadhi zililipia kifurushi cha nyumbani wakakionyesha baani.

#8 MzeeWaKibanda
Marahaba. Mkataba ule maandishi yake yanahitaji darubini.

Nilikwenda kuuliza kifurushi cha biashara kwenye kampuni moja, siitaji. Bei niliyotajiwa ni ya hoteli yenye lifti. Nikamwambia binti wa kaunta, mimi nina turubai na mabenchi, nipe bei ya turubai na mabenchi. Akasema mfumo hauna. Basi mfumo ukiwa nayo waniite.

#9 BintiWaTimeline
Samahani naona mmekaa kwenye mpira tu, mpira una wenyewe wenye nguvu. Azam walisaini na TFF mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Mtu wa hivyo ana mawakili. Mimi ni mhariri wa filamu, hapa Dar, sina wakili.

Nikwambieni hali ilivyo. Filamu tunatengeneza kwa kukopa. Zamani ulikuwa unauza masta kwa msambazaji, unapewa hela yako mara moja, nakala zikiibiwa ni shida yake. Mwaka 2013 ikaja stempu ya TRA kwenye kava za CD na DVD, tukaambiwa sasa nakala feki itajulikana. Stempu ilikuja wakati CD yenyewe inakata roho. Watu walishahamia kwenye flashi: unakwenda kibandani na flashi yako, unachagua, unajaziwa. Flashi utaibandika stempu wapi?

Leo filamu yetu inatoka, kesho yake iko Telegram, ubora uleule niliousafirisha mimi kwenye kompyuta yangu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nitakubali mikrofoni kwenye simu ya mtu, jibu langu si zuri.

#10 Ngosha_wa_Igoma
Dada pole. Ila hapo mwisho umejijibu mwenyewe. Ubora uleule uliousafirisha maana yake umevuja ndani: kwa msambazaji, studio, au kwa rafiki wa mwigizaji. Ukichunguza simu za watazamaji wote wa Tanzania hutampata huyo.

#11 BintiWaTimeline
Nani kasema hatukuchunguza? Kila nakala tuliyotoa tuliiwekea alama, ndogo moja pembeni, kwa watu tofauti alama tofauti. Iliyovuja ilikuwa imekatwa ile pembe. Sasa nani alijua pembe ipi ikatwe?

#12 ChaiYaRangi
Hii sasa ndiyo muvi yenyewe.

#13 FundiMtandao
Wakuu naona wengi mnaongea faragha bila kujua kinachoonekana na kisichoonekana. Niliwahi kufanya kazi upande wa mitandao ya simu, niweke nyama kidogo.

Torenti: ukishusha kwa torenti, IP yako (anwani yako ya mtandaoni) inaonekana na kila mtu mnayeshusha naye faili hilohilo. Kampuni za kusaka wezi hazihitaji kudukua kitu, zinajiunga kwenye kundi kama wewe na kuandika IP zote. Kisha zinakwenda kwa mtoa huduma: saa fulani, IP hii, ni nani?

Hapo kwetu ndipo panakuwa pagumu. Mitandao ya simu haina IP za kutosha, kwa hiyo wateja wengi mno wanatoka nje kwa IP moja. Ukija na IP na tarehe tu, jibu halipo. Inabidi uje na namba ya pojo (wengine wanaita poti), ile inayomtenganisha mteja mmoja na mwingine ndani ya IP moja, na muda kamili hadi sekunde, na mtandao uwe umetunza kumbukumbu hizo. Wakikupata kweli, laini imesajiliwa kwa alama za vidole na NIDA. Ila ni NIDA ya nani? Mnajua wenyewe.

Kuangalia kwenye tovuti ya wizi: mtandao wako unaona jina la tovuti, hauoni muvi gani. Telegram na WhatsApp: unaona tu kwamba uko Telegram.

Kwa hiyo anayetaka kuwasaka watazamaji mmoja mmoja Tanzania atalazimika kuilazimisha mitandao itunze mengi zaidi juu ya kila mtu, mwizi na asiye mwizi. Gharama ya hilo inaingia kwenye bando lako.

#14 Kipara_Temeke
Pojo tunakula na wali mkuu. Sema poti tukuelewe.

#15 FundiMtandao
Kula, shiba, kisha soma tena.

#16 MseeWaUmoja
Mambo wasee. Huku Nairobi hii story tuliipitia. Sheria ya hakimiliki ilirekebishwa 2019, ikaweka utaratibu wa mwenye kazi kumpelekea mtoa huduma notisi aondoe au afunge. MultiChoice, wale wa DStv, wakaitumia fasta, wakataka Safaricom na Jamii Telecommunications wafunge tovuti zilizokuwa zinaonyesha mechi zao. Safaricom wakapinga, kesi ikaenda kortini. Walikuwa wanasema wao wanabeba data tu, hawaweki mechi ya mtu kwa seva zao.

Mimi naona heri hiyo kuliko mikrofoni. Funga tovuti, usifungue simu yangu. Ingawa kusema ukweli, mtaani hakuna aliyehangaika. Linki ikifungwa, nyingine iko hewani kabla ya half-time.

#17 WakiliNjaa
Msee wa Umoja ahsante, ila usidhani kufunga tovuti ni usafi. Tazama Italia. Wana mfumo unaitwa Piracy Shield, ulianza kazi Februari 2024. Mwenye haki akiripoti, watoa huduma wanatakiwa wafunge ndani ya dakika 30, hakimu hayupo hapo kati. Oktoba 2024 wakafunga kwa bahati mbaya anwani ya Google Drive. Nchi nzima watu wanashindwa kupata faili zao za kazi kwa sababu ya mpira.

Hispania nako, LaLiga haohao wa uzi huu, tangu mapema 2025 wanatumia amri ya mahakama kufungisha anwani za IP wakati wa mechi. Shida ni kwamba anwani nyingi ni za Cloudflare, kampuni inayopitisha tovuti za watu wengi, na tovuti kibao zinashea anwani moja. Mechi ikianza, maduka ya watu wasiohusika yanapotea hewani. Mpira ukiisha yanarudi.

#18 Ngosha_wa_Igoma
Ndicho nilichokuwa nasema.

#19 BintiWaTimeline
Ngosha, hukukisema. Ulisema simu. Hiyo ni tovuti.

#20 Mpemba_Muscat
Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, naomba nitie neno langu dogo.

Mie nataka kulipa. Wallahi nataka. Nyumbani kuna kituo kina tamthilia ambayo mama watoto haiwachi. Naingia kwenye programu yao, inaniambia huduma haipo katika eneo lako. Nawasha VPN ionekane niko Dar, inakubali, nafika kwenye malipo, inataka namba ya simu ya Tanzania ya kulipia kwa mtandao wa simu. Kadi yangu ya benki ya huku haina pa kuingia. Sasa nifanyeje? Yuko kijana anarusha zile sehemu zote kwenye Telegram, namtumia riali moja kwa mwezi. Fedha ambazo ingekuwa zinakwenda kwa wenyewe zinakwenda kwa yule kijana, na mie ndiye ninayeitwa mwizi.

#21 MseeWaUmoja
Kaka hapo umegusa. Netflix walileta mpango wa bure Kenya Septemba 2021, simu za Android pekee, haukuhitaji kadi wala M-Pesa. Watu wakaangalia. Novemba 2023 wakaufunga. Unadhani watu walienda kulipa? Wengine ndio, kwa sababu mwaka huohuo walikuwa wameshusha bei. Wengine walirudi kwa yule jamaa wa movie shop, na jamaa hakuwa amefunga duka hata siku moja.

#22 Kipara_Temeke
Tatizo ni bei jamani, mnazunguka nini. Wamarekani waliacha kuiba nyimbo siku iTunes ilipouza wimbo senti 99. 2003 hiyo. Kesi zikaisha.

#23 WakiliNjaa
Kipara leo una nini. iTunes ilifungua duka Aprili 2003. Kesi za RIAA, chama cha kampuni za muziki Marekani, dhidi ya watu binafsi zilianza Septemba 2003, yaani baada ya duka kufunguliwa. Walishtaki zaidi ya watu 30,000 mpaka 2008 walipotangaza kuacha. Mmoja alikuwa binti wa miaka 12 New York, familia ikalipa dola 2,000 yakaisha. Wakamshtaki hadi bibi wa miaka 83 aliyekuwa ameshafariki.

Na kwenye faragha kuna kesi nzuri hapo. RIAA walitaka majina ya wateja wa Verizon, mtoa huduma wa intaneti, kwa hati ya karani wa mahakama tu, bila kufungua kesi. Verizon wakagoma. Desemba 2003 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema Verizon wako sahihi: fungua kesi kwanza, ndipo uombe jina. Ngosha, hiyo ndiyo kesi yako, siyo LaLiga.

#24 ChaiYaRangi
Bibi marehemu alishusha nyimbo akiwa wapi?

#25 Kipara_Temeke
@WakiliNjaa tarehe zako sawa, hoja yangu iko palepale. Kesi elfu thelathini hazikumaliza wizi. Spotify na YouTube ndizo zilizopunguza.

#26 FundiMtandao
Niongeze kwenye historia ya #23, maana watu wanadhani LaLiga ni wa kwanza. Mwaka 2005 Sony BMG waliuza CD za muziki halali kabisa, za kulipia. Ukiiweka kwenye kompyuta ya Windows inajisakinishia programu iliyojificha isionekane hata ukiitafuta, kazi yake kukuzuia usinakili. Ikaacha tundu ambalo virusi wengine walilitumia kujificha humohumo. Wakalazimika kuzirudisha CD na kulipana na wateja mahakamani.

Angalia nani aliumia. Aliyeshusha wimbo kwa wizi kompyuta yake ilikuwa salama. Aliyenunua ndiye aliyeingiziwa.

#27 MzeeWaKibanda
Si ndiyo nilisema #6. Anayelipa ndiye anayepatikana.

#28 BintiWaTimeline
Mnavyoongea ni kama sisi tunaotengeneza ndio wenye Sony. Mimi sina programu ya kujificha. Nina deni la kamera.

Nyote mnasema "washushe bei". Filamu yetu ilikuwa shilingi elfu mbili. Elfu mbili! Kipara, bando lako la leo ni shilingi ngapi?

#29 Kipara_Temeke
Bando ni lazima, muvi ni starehe.

#30 BintiWaTimeline
Na bando ulilitumia kufanyia nini?

#31 ChaiYaRangi
Kipara njoo ujibu. Tumekaa hapa tunasubiri.

#32 NjooSaaHizi
Habari wakuu, nimesoma juu kwa juu. Kuna mwenye linki ya mechi ya leo isiyokwama?

#33 Msimamizi
Mkuu #32 soma kichwa cha uzi.

#34 Mpemba_Muscat
Bibie wa #28, mie sijasema ushushe. Nimesema nifungulie mlango nilipe. Riali moja namlipa mwizi, na ni zaidi ya hizo elfu mbili zako. Bei si shida ya kila mtu.

#35 MjombaMagwangala
Nyie vijana mnasahau tulikotoka. Uharamia wa filamu nchi hii ndio uliotulea. Enzi za Lufufu, picha ya kichina au ya kihindi inawekwa, mtu anatafsiri kwa Kiswahili, banda zima linacheka. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Nani kati yao alikwenda Hong Kong kuomba kibali? Na wangekwenda wangejibiwa na nani? Hakuna kampuni iliyokuwa na haja na mtazamaji wa Kigoma asiyejua Kiingereza. Wale walimpa lugha yake. Leo kampuni hizohizo zinaweka tamthilia za Kituruki kwa sauti za Kiswahili na watu wanalipia. Soko lilifunguliwa na nani?

#36 WakiliNjaa
Mjomba shikamoo. Kisheria hiyo ilikuwa kosa mara mbili, kunakili na kutafsiri bila ruhusa. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 iko wazi.

#37 MjombaMagwangala
Marahaba mwanangu. Sikuuliza sheria, niliuliza nani alifungua soko.

#38 BintiWaTimeline
Mjomba, hao hao waliofungua soko ndio waliotuua sisi. Mwaka 2017 waigizaji waliingia barabarani Kariakoo kwa sababu ya filamu za nje zinazouzwa bila kulipia hata senti. Mimi nashindana na picha ya Marekani iliyotengenezwa kwa mabilioni, na kibandani yake ni shilingi mia tano, yangu elfu mbili. Asiyegharamia kitu lazima awe rahisi.

Kwa hiyo mwizi wa kazi za nje naye ananiibia mimi, hata kama hajagusa filamu yangu.

#39 Ngosha_wa_Igoma
Hili la #38 sikuwahi kulifikiria hivyo. Bado haligusi simu yangu lakini.

#40 MseeWaUmoja
Si mtumie VPN muache kelele.

#41 Kipara_Temeke
VPN Tanzania imepigwa marufuku, ukikamatwa jela.

#42 WakiliNjaa
Kipara! Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa taarifa kwamba wanaotumia VPN kwa sababu halali wajitambulishe kwao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na anwani zao za IP. Msingi wake ni kanuni za maudhui mtandaoni za 2020, zinazokataza kutumia njia za kufikia maudhui yaliyokatazwa. Kuna tofauti kati ya hilo na "VPN marufuku".

Ila na mimi nashangaa kitu kimoja. Kitu unachotumia kujificha, halafu ukakiandikishe kwa jina na IP. Mwaka huohuo, tarehe 1 Mei, sheria ya kulinda taarifa binafsi ilikuwa imeanza kutumika.

#43 FundiMtandao
Na kabla hamjakimbilia VPN za bure: unamkwepa mtoa huduma wako unayemjua, unampa kila kitu mtu usiyemjua. Hola mwaka 2015 ilibainika kwamba inauza intaneti ya watumiaji wake wa bure, watu wengine wanapita kwenye IP yako. Wakifanya uhalifu, IP inayoonekana ni ya kwako. Onavo ya Facebook ilijiita ya kulinda, kumbe ilikuwa inawaonyesha Facebook watu wanatumia programu zipi za washindani. Iliondolewa kwenye duka la Apple 2018.

Zile programu za kuangalia mechi bure mnazotumiana kwenye makundi, faili la kusakinisha nje ya duka, mmewahi kuangalia zinaomba ruhusa gani? Majina ya simu, ujumbe mfupi, mikrofoni. Ngosha unaogopa mikrofoni ya LaLiga, LaLiga angalau alipigwa faini. Huyu wa linki utampiga nani faini?

#44 Ngosha_wa_Igoma
Umenibana. Lakini wa linki ni mhalifu, najua ni mhalifu, najihadhari naye. Kampuni inakuja na nembo na mkataba, na ikipata taarifa zangu leo kwa ajili ya mpira, kesho atakuja mwingine kuziomba kwa ajili ya jambo lingine. Hatujasahau Desemba 2016: Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kushtakiwa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 kwa kukataa kutoa taarifa za watu walioandika kwa majina ya bandia. Taarifa zikishakuwepo, mlango wa kuziomba haukosekani. Bora zisikusanywe kabisa.

#45 BintiWaTimeline
Yaani uhuru wa watu kuandika, na mtu kuangalia filamu yangu bure, umeviweka kwenye kapu moja?

#46 Ngosha_wa_Igoma
Sikuviweka mimi. Mtambo unaomtambua mmoja ndio huohuo unaomtambua mwingine. Muulize Fundi.

#47 FundiMtandao
Kwa upande wa kumbukumbu za mtandao, ndiyo. Rekodi ni ileile, haijui imeombwa kwa sababu gani.

#48 MjombaMagwangala
Ujerumani tangu 1965 walichukua njia nyingine. Waliona hawawezi kuingia nyumba za watu kuhesabu nani kanakili nini, wakaweka tozo kwenye vifaa vya kurekodia. Fedha inakusanywa na vyama vya wasanii na kugawanywa. Hakuna anayekuuliza umerekodi nini.

#49 MzeeWaKibanda
Tozo tena! Mjomba nilikuwa nakuheshimu.

#50 MseeWaUmoja
Na hizo pesa za kugawa zinafika? Huku kwetu uliza mwanamuziki yeyote kuhusu hela za vyama vya kukusanya mirabaha, utakaa hadi jioni ukisikiza. Mimi naona Mdundo, ile huduma ya kushusha muziki, walikuwa smart: wewe shusha mixi bure, tangazo limewekwa ndani ya wimbo wenyewe, msanii analipwa kutoka kwa tangazo. Ukiishea kwa WhatsApp, tangazo linaenda nalo.

#51 BintiWaTimeline
Hilo la tangazo kwenda na faili nalipenda. Kwa filamu ya saa moja na nusu sijui nani atavumilia.

Niwaulize swali la kazi, falsafa pembeni. Hiyo chaneli ya Telegram bado iko hewani, ina watu wengi kuliko waliolipa. Nifanye nini kesho asubuhi?

#52 WakiliNjaa
Sajili kazi COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kama hujasajili, piga skrinshoti zenye tarehe, tuma malalamiko Telegram kwa njia yao ya hakimiliki. Tangu Durov, bosi wa Telegram, akamatwe Ufaransa Agosti 2024, walibadili masharti, sasa wanasema watatoa IP na namba ya simu kwa mamlaka zenye amri halali. Kwa hiyo ukifungua jinai, polisi wana pa kuanzia.

#53 FundiMtandao
Wataifunga, na jioni itafunguliwa nyingine kwa jina lilelile na nukta mbele. Mimi ningeiweka YouTube mwenyewe baada ya wiki mbili za mauzo na kusajili faili kwenye Content ID, mtu akiirusha upya YouTube tangazo lije kwako. Telegram haikulipi, lakini wengi wanaofuata linki wanafuata iliyo rahisi kufungua.

#54 BintiWaTimeline
YouTube inalipa kwa kuangalia mtazamaji yuko wapi. Watazamaji wangu wako Mbagala na Mwanza, siyo London. Nimeiona hesabu yake, haifiki hata nauli ya waigizaji.

Na wiki mbili za mauzo unazosema, Fundi, sikuwahi kuzipata. Nilipata siku moja. Wakili, hiyo jinai ukiifungua inachukua muda gani, na karani anataka nini mkononi?

#55 WakiliNjaa
Njoo inbox.

#56 Kipara_Temeke
Aaah, Wakili njaa imeanza kazi. Weka hapahapa na sisi wengine tusome.